Betri Yangu Yapanda Boti

Jirani, kaa hapo nikwambie, lakini usicheke kwa sauti. Wajua mimi mtu wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Mji wetu UNESCO waliuandika urithi wa dunia 2001, na vichochoro ni vile vile: punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi kinyumenyume. Sasa katika mji huo mimi nina pikapu. Niliinunua mwenyewe, akili timamu, hakuna aliyenilazimisha. Inalala Mokowe, bara, ng'ambo ya maji. Wenzangu wakitaka kuendesha gari wanashika funguo. Mimi nashika funguo na nauli ya boti.

Juzi mama mkwe ana shughuli, ataka maembe kutoka Mpeketoni. Nikamwambia, "Mama, usihangaike, mkweo ana gari." Nilivimba kweli. Nikavuka, nikaingia, nikapiga stata. Klik-klik-klik. Basi. Taa za dashibodi zikafifia, na mimi nikafifia nazo.

Nikafungua boneti. Kwa nini? Sijui. Mwanamume gari ikigoma anafungua boneti, ndiyo sheria. Nikaitazama injini, injini ikanitazama. Nikabonyeza mpira mmoja, nikatikisa kichwa. Kuinua macho, watu washajaa. Jeti ya Mokowe haina uhaba wa madaktari wa magari. Nahodha asema dizeli imeingia maji. Muuza samosa asema stata imekufa. Mzee mmoja, hana gari, hajawahi kuwa na gari, asema fyuzi, na anaapa. Vijana wa bodaboda wakasema tusukume.

Tukasukuma. Yaani wao wakasukuma, mimi nikashika usukani. Gia ya pili, naachia klachi, gari yaruka, yanyamaza. Tena. Yaruka, yanyamaza. Swichi nilikuwa nimeizima, kuihifadhia betri nguvu zake. Kumbe swichi ikizimwa dizeli haipiti! Sasa hilo nani aliwahi kunifundisha? Na mteremko uliobaki ulielekea baharini moja kwa moja. Nikashuka haraka, nikatia jiwe chini ya tairi.

Baraza likatoa hukumu: betri imekwisha, ikachajiwe. Fundi wa hapo kaenda Hindi, harudi mpaka kesho. Mwengine yuko Amu mjini. Basi betri ikapanda boti. Nauli yangu, na nauli yake, maana nahodha asema chuma kizito namna hiyo ni abiria. Nikaipakata mapajani, juu ya kikoi changu kipya. Watu wanapakata watoto, mimi napakata betri.

Kushuka Amu, hamali waniona, wageuka. Nikakodi punda. Betri juu, mimi nyuma kwa miguu. Watoto wauliza, "Ami, ndiyo gari yako hiyo?" Tukapita hospitali ya punda, ile iliyoko hapo tangu 1987, inayotibu bure. Punda akasimama, akageuza shingo kuniangalia. Yeye akiugua ana daktari, halipi hata senti. Mimi gari yangu ikiugua natibu kwa mkopo.

Fundi akaipima. Mita ikasoma volti 12.6. Akapima tena, kwa huruma. "Bwana, betri hii nzima. Imejaa." Hakutaka hata pesa. Hilo ndilo lililoniuma. Nikaichukua betri yangu yenye afya njema, punda, jeti, boti, nauli mbili.

Kesho yake fundi wa Mokowe karudi. Hakuitazama betri kabisa. Akainua ncha za waya, zile zinazoshika betri. Zimeota unga mweupe, mwengine kijani. Asidi ya betri na hewa ya chumvi, vimekula taminali mpaka moto haupiti. Akamwagia maji moto yenye magadi, zikatoa povu. Akasugua kwa msasa, akakaza kwa spana namba kumi. "Piga." Nikapiga. Ikawaka papo hapo, bila aibu. Muuza samosa akasema, "Si nilikwambia?"

Maembe yalikuwa yashafika kwa mama mkwe. Kayaleta mkwe mwenzangu, kwa bodaboda na boti, bila makelele. Mimi siku ya shughuli nikavaa kikoi changu, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Naketi mkekani, matundu! Mapajani pote. Asidi ya betri haisemi siku ile; yangoja ufue. Mama mkwe akayaona kabla yangu. "Mwanangu, panya?" Nikasema naam, mama, panya.

Basi jirani, kama gari yako yapigwa na upepo wa bahari, isikilize kabla hujamsikiliza mtu. Ikisema klik-klik, taa zikafifia, angalia taminali kwanza. Kufungua anza na waya wa hasi, kufunga anza na wa chanya, spana isije ikagusa bodi ikatoa cheche. Taminali ukishazisafisha na zikakauka, zipake grisi. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki, hapo ndipo uulize dizeli. Na kama betri ni lazima ivuke maji, iweke chini kwenye boti. Usiipakate.