Shemeji, Mukimo na Bahasha ya Kaki

Shemeji yangu alipohamia kwetu Gatongora, Ruiru, ili awe karibu na kibarua chake cha Thika, alikuja na sanduku, godoro na huzuni moja kubwa. Ruracio yake, sherehe ya mahari, ilikuwa imepangwa Desemba, na shangazi zake wa Murang'a walikuwa wameshatoa hukumu: bibi harusi mwembamba namna ile angeiaibisha familia mbele ya wakwe.

Haukupita muda, nyumba ikaingiwa na mwizi. Mukimo ulilala nusu sufuria, ukaamka sufuria tupu. Chapati zilizofunikwa kwa kitambaa zikatoweka pamoja na kitambaa. Mke wangu akamshuku kijana wetu. Kijana akaapa, akamsingizia paka. Paka, kwa jinsi alivyokonda, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Jikoni ikatiwa kufuli. Usiku huohuo tukasikia mlango ukitikiswa, na tulipowasha taa tukamkuta bibi harusi mwenyewe, kijiko mkononi.

"Shem, nisamehe," alisema. "Njaa hii si yangu."

Usingizi nao ulimwandama. Matatu kutoka Thika ilimpitisha Ruiru akikoroma, akaamkia Githurai huku makanga akimdai nauli ya ziada. Uso ukawa duara, mashavu yakajaa. Shangazi walipomwona kwenye simu walipiga vigelegele. Hawakuona kwamba gauni lilikataa kufungwa zipu kiunoni, ilhali mikono na miguu ilizidi kuwa miembamba.

Siri ilifichuka siku mkoba wake ulipomwagika sebuleni. Palikuwa na bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1x3" kwa kalamu ya wino, basi: hakuna jina la dawa wala la mgonjwa. Ndani mlikuwa na vidonge vya aina mbili, kila kimoja kwenye kipande kilichokatwa kwa makasi. Aliyemuuzia hakumwomba cheti cha daktari. Alimwambia tu kwamba ni vitamini za kuongeza mwili.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, alisisitiza twende hospitali sote. Mfamasia alivipanga vile vipande mezani, akaunganisha herufi za nyuma mpaka majina yakasomeka. Cha kwanza kilikuwa siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huchochea hamu ya kula na kuleta usingizi. Hapo tukaelewa mukimo, tukaelewa na Githurai. Cha pili kilikuwa deksamethasoni, ya ukoo mmoja na kotisoni, homoni iliyowapa watafiti Hench, Kendall na Reichstein Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Ni dawa ya maana: mwaka 2020 ilithibitika kuokoa wagonjwa mahututi wa Uviko. Lakini ukiitumia muda mrefu bila kusimamiwa, huhamishia mafuta usoni, shingoni na tumboni, hula misuli ya mikono na miguu, na hupandisha sukari na presha.

Shemeji alitaka kuvitupa chooni palepale. Mfamasia akamzuia. Mwili unaoletewa homoni ya namna hiyo kutoka nje huzilaza tezi zilizo juu ya figo, zikaacha kutengeneza ya kwao. Ukikatiza ghafla baada ya wiki nyingi, unaweza kuishiwa nguvu, ukatapika na presha ikaanguka. Alipelekwa kwa daktari, akaandikiwa namna ya kupunguza kidogo kidogo.

Kisha mfamasia, kwa nia njema, akatueleza kwamba hata dawa halali hugusa uzito: sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, valproeti ya kifafa, olanzapini ya maradhi ya akili. Dolutegraviri ya virusi vya UKIMWI nayo imo. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa wanawake ndio walioongezeka uzito zaidi. Insulini na glibenklamidi za kisukari pia hunenepesha.

Hilo la mwisho lilimwingia mama mkwe. Hakusema neno. Alirudi nyumbani, akaficha glibenklamidi yake chini ya godoro, na ikaanza sura ya pili ya visa vyetu. Punde leso ikawa inazunguka kiuno mara nyingi zaidi, naye akatembea akijisifu: "Baba, mimi sikuhitaji daktari." Lakini alikuwa akimaliza mtungi wa maji na kuamka usiku kwenda haja ndogo kila mara. Tulipompima, sukari ilikuwa juu mno. Kule kupungua hakukuwa afya: sukari ilikuwa ikitoka na mkojo, na mwili uliokosa chakula ulikuwa ukijila wenyewe. Daktari alimsikiliza bila kumgombeza, akampa metformini, ambayo kwa kawaida haiongezi uzito na huweza kuupunguza kidogo.

Ruracio ilifanyika, shemeji akiwa mwembamba kama alivyozaliwa. Wakwe hawakuuliza kilo, waliuliza mbuzi.

Nawe msomaji, ukipewa dawa, uliza jina lake na uandikiwe. Dawa isiyotajwa jina usiimeze, hata ukiambiwa ni vitamini. Jipime uzito kabla ya kuanza, ujipime tena baadaye. Ukiona unanenepa au kukonda bila sababu, mwambie aliyekuandikia, kwani mara nyingi ipo dawa nyingine. Ila usiiache kwa siri: kisukari na kifafa havisubiri mtu apate umbo analolitaka.