Heshima kwa Mstari Usio na Kazi

Mashujaa wana washairi wao. Mimi leo nausifu mstari wa msimbo usiofanya chochote, hasa ule uliojibanza ndani ya mifumo ya faili ya Linux, mahali ambapo kosa dogo laweza kumpotezea mtu picha zote za harusi yake.

Kwanza, una adabu. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, ina funksheni iitwayo brelse, ambayo huachilia sehemu ya kumbukumbu iliyokuwa imeshika data ya diski. Kabla ya kugusa chochote, brelse huuliza: kuna kitu hapa? Kama hakuna, hujiondokea kimya. Hata hivyo waandishi wengi wa mifumo ya faili waliweka swali hilohilo nje ya mlango wake: kuna kitu? Kama kipo, iite brelse. Nayo brelse ikiitwa, inauliza tena. Wakosa malezi huona hapo marudio matupu. Aliyelelewa uswahilini anatambua hodi ya kwanza na hodi ya pili, na kinachomshangaza ni kwamba ya tatu haijapigwa.

Tena ni mnyenyekevu. Kompaila, inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikikuta maswali mawili yanayofanana yamefuatana, hulitupa moja na kuendelea na safari. Kwa hiyo mstari wetu hata mashine hauifikii. Hauli umeme wala haupunguzi kasi. Umeandikwa, ukakaguliwa, ukasambazwa dunia nzima, na siku ya kazi haukuonekana. Nawajua waheshimiwa wenye rekodi kama hiyo, ila wao hudai posho.

Na unajua kumsitiri aliyeuandika. Historia ya kerneli ndani ya Git, daftari linalotunza nani kabadili nini, inaanzia Aprili 2005, Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alipoingiza toleo la 2.6.12-rc2 kwa mkupuo mmoja. Mstari wowote wa zamani zaidi ya hapo ambao haujaguswa tangu wakati huo, ukiiuliza Git nani kauandika, jibu ni Torvalds. Mwenye nao yuko kwake, amelala usingizi mnono.

Lakini hizo ni sifa za mstari mmoja mmoja. Anayetaka utukufu kamili aitazame ext3, mfumo mzima wa faili wa Linux. Kazi ya mrithi wake, ext4, ilipoanza mwaka 2006, watengenezaji hawakutaka kuchezea data za watu, wakainakili ext3 yote kwenye folda mpya na kujenga humo. Uamuzi wa busara, sina neno. Ext4 ikatangazwa kuwa imekomaa mwaka 2008, ikiwa inaweza kuhudumia diski za ext3 yenyewe, bila kumbughudhi dada yake. Dada akabaki palepale. Hitilafu ikipatikana upande mmoja, watu walikwenda kuisaka upande wa pili. Kerneli ikibadilishwa taratibu zake, mabadiliko yalifanywa kwa pacha wote wawili. Serikali ngapi zimetoa ajira ya uhakika kiasi hicho? Ext3 iliondolewa mwaka 2015, katika toleo la 4.3, ikaenda na mistari zaidi ya 20,000. Wenye diski zake waliendelea kuzitumia kama kawaida, kwa mkono wa ext4.

Maadui hawakosi. Huko Ufaransa kilitengenezwa chombo kiitwacho Coccinelle: unakieleza sura ya msimbo usioutaka, nacho kinapita faili baada ya faili kikiandaa viraka vya kuuondoa. Hata hapo mstari wetu unaondoka kwa heshima zote. Kiraka cha kufuta maneno mawili kinahitaji kichwa cha habari, maelezo ya sababu na saini ya anayekileta, kisha kinasubiri wakaguzi. Mara nyingi maelezo huwa marefu kuliko marehemu.

Na msafishaji asiwe na haraka. Brelse ina ndugu yake, jina ni lilelile ila linatanguliwa na vistari viwili vya chini. Huyo hapigi hodi wala haulizi. Akikabidhiwa utupu, kerneli inaanguka, na swali lililoko nje ya mlango wake ndilo pekee linalomlinda. Maswali hayo mawili, la bure na la lazima, yameandikwa sawa herufi kwa herufi. Ndiyo maana mstari usio na kazi husomwa polepole, kidole kikiwa juu ya skrini, kwa umakini ambao mistari yenye kazi haijawahi kuupata.