Ukifika Gare, Usitaje Maktaba

Kuna watu, na huenda nawe umo, ambao kitabu hukifungulia nyuma. Hawana haja na hadithi. Wanatafuta kile kimfuko cha karatasi kilichogundishwa ndani ya jalada, kadi ya kuazimia, orodha ya tarehe za kurudisha, muhuri wa duara uliofifia. Wakipata bahasha kuukuu iliyoandikiwa maktaba, stempu yake ikiwa mahali pake na muhuri wa posta ukisomeka, usiku huo hawalali. Ugonjwa huo ninao. Kwa hiyo nikikuonya kuhusu Gare, kijiji cha milima ya Usambara, jua anayesema ni mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

Unashuka Mombo, unapanda hadi Soni na Lushoto, halafu unapatana na bodaboda. Kwenye zile kona utaanza kuota. Gare ni misheni iliyoanzishwa mwaka 1897 na Watrapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, watawa maarufu kwa kunyamaza. Utajiambia: watu wasiosema watakosaje maktaba? Punguza matumaini. Mtrapisti alinyamaza akiwa ameshika jembe.

Ndoto ya pili ni bahasha ya enzi ya Mjerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal na stempu zilikuwa na picha ya Hohenzollern, meli ya Kaizari. (Nimewahi kuifikiria ile meli ikipanda Usambara, imebandikwa kwenye barua, ikipita kwa watu ambao bahari wameisikia tu.) Ukionyeshwa bahasha ya namna hiyo, soma bei kabla hujashangaa picha. Mwanzoni stempu hizo ziliuzwa kwa pesa na rupia. Za heller zilikuja mwaka 1905. Basi mtu akikuletea ya heller yenye muhuri wa 1902, mshukuru, mnunulie chai, uondoke. Na akikwambia anayo pia ya Mafia, ya wakati Waingereza walipokiteka kisiwa kile na kuzigonga stempu maandishi yao, chai yenyewe usimnunulie. Hizo zimeghushiwa mno.

Usiulizie vitabu vya Amani. Taasisi ya utafiti ya Amani ilianzishwa mwaka 1902, lakini iko Usambara ya Mashariki, mlima mwingine kabisa, na baada ya Vita Kuu ya Pili kazi zake zilihamishiwa Muguga, Kenya. Kuiulizia Gare ni kumtafuta shangazi yako kwa jirani.

Mali yenyewe ni ya karibuni zaidi. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, ikawa inapeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta kwa wasomaji walio mbali na miji. Baada ya Uhuru ikaja sheria ya maktaba ya mwaka 1963, bado kwa jina la Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Sheria mpya ya 1975 ndiyo iliyoleta bodi tuliyonayo, kwa hiyo muhuri wenye neno Tanganyika ni mkubwa kwa umri kuliko wenye neno Tanzania. Ukiona sanduku la mbao lenye bawaba, kagua maandishi ya ubavuni, ila kwanza mwondoe kuku anayeatamia.

Bahasha ni kazi ngumu zaidi. Huku barua haifiki mlangoni, inaishia S.L.P. ya shule au ya kanisa, inasomwa, inazungushwa, halafu inapewa kazi nyingine. Ile uliyoifuata kutoka mbali imefungiwa mbegu za karoti, na stempu mtoto ameshaibandua. Kilichosalimika kinangojewa na ukungu. Gare ina ukungu wa aina mbili, wa nje unaofunika bonde na wa ndani unaokula majalada, na wote wawili huingia bila hodi. Wenzetu Marekani mambo yao ni rahisi: walitoa stempu ya senti 20 mwaka 1982 kuzienzi maktaba zao. Mpenzi wa huko huinunua amekaa.

Sasa hatari kubwa. Nilimkuta mzee mmoja barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Mzee, natafuta vitabu vya zamani vya maktaba. Vile vyenye mihuri."

Mikono ikasimama. "Umetumwa na Tanga au Dar es Salaam?"

"Sijatumwa, mzee. Ni mapenzi yangu tu."

"Basi waambie waliokutuma," akasema taratibu, "aliyekiazima alishafariki."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikitafuta. Kitabu kilichorudishwa hakiko Gare. Kila kadi, kila kimfuko, kila tarehe iliyogongwa muhuri ninayoitamani imebaki kijijini kwa sababu kuna mtu hakurudisha. Msomaji mwaminifu hakutuachia kitu. Historia yote imetunzwa na wadaiwa. Nami nilikuwa nimebisha hodi na begi begani, kalamu mfukoni, nikiuliza habari za mihuri.

Habari zilinitangulia. Nyumba ya pili walisema hawajui kusoma, na juu ya redio palikuwa na miwani na gazeti. Nyumba ya tatu mama mmoja aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za jirani, faini ya tangu 1971 inafika shilingi ngapi, na kama wanapokea plamu.

Jioni mzee wa maharage alinifuata stendi. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Kimfuko kipo, kadi ipo, tarehe ya mwisho inasomeka. Nilitoa pochi. Akaitazama kama anayeonyeshwa utovu wa adabu.

"Siuzi. Rudisha. Halafu niandikie risiti."

Nikaandika. Akaisoma mara mbili, akasema risiti isiyo na muhuri ni barua tu. Tukaenda ofisi ya kijiji, ikagongwa muhuri, tarehe ikaandikwa kwa kalamu, tukatia sahihi wote wawili.

Kitabu nilikirudisha, kimfuko na kadi ndani yake. Uchungu wake usiniulize. Lakini ile risiti, ya mkopo uliofungwa kwa muhuri wa kijiji baada ya miaka yote ile, sijaona nyingine mfano wake. Nimeshampigia simu mara mbili aniuzie. Anasema anaitunza, wasije wakatuma mtu mwingine.