Mnasemaje, Mbwa wa Mangobo

Mtu wa Kisangani akinunua mbwa, ananunua sauti. Umeme ukikatika na avenyu ikaingia gizani, mwizi hana nafasi ya kupima ukubwa wa meno, anasikiliza tu. Mbwa mdogo mwenye koo kubwa ana thamani kuliko mkubwa aliyenyamaza, na hapa Mangobo kila mtu analijua hilo.

Papa Jirani naye alilijua, ila hakuuliza. Wake alimnunua njia ya Bafwasende, kwa wawindaji, akarudi naye mjini juu ya lori katikati ya mikungu ya ndizi. Mbwa mzuri, sitakataa: mwekundu, kifua cheupe, masikio wima, mkia umejiviringa mgongoni, na paji la uso lina mikunjo kama la mtu aliyekopa. Akamwita Mnasemaje. Kwetu jina la mbwa ni ujumbe. Hugombani na majirani. Unamwita mbwa wako asubuhi kwa sauti kubwa, na wenye masikio wanasikia. Papa Jirani alikuwa ametoka kuezeka nyumba kwa bati jipya, watu wakawa wanaulizana pesa ilitoka wapi, basi jibu lao likawa linapigiwa kelele kila alfajiri: Mnasemaje! Mnasemaje!

Tatizo ni kwamba Mnasemaje mwenyewe hakusema kitu.

Mbwa wa wawindaji wa misitu ya Ituri na Uele hawabweki. Ndivyo walivyo tangu enzi za mababu. Mwindaji anamfunga shingoni kengele ya mti, ili mbwa akizama porini ajulikane yuko upande gani. Kengele ya huyu wetu, muuzaji alibaki nayo. Mbwa wa namna hii ana mlio wake wa pekee, mrefu, wa kupanda na kushuka, na Mnasemaje aliutoa usiku wa manane, pasipo mwizi wala sababu. Bibi wa lupango la tatu aliutambua kuwa ni wa marehemu mume wake, akaanza kumjibu.

Papa Jirani alifanya majaribio. Usiku mmoja alitoka kwa mlango wa nyuma, akajifunika shuka, akarusha mawe juu ya bati lake mwenyewe. Mnasemaje alikaa kitako akamtazama mpaka mawe yakaisha. Kuanzia hapo sahani ya mbwa haikuonekana tena uani. Mke wake alipouliza, alimrudisha kwenye waraka wa Paulo kwa Wathesalonike, pale panapozungumzwa habari za wasiotaka kufanya kazi.

Mbwa akahamia avenyuni. Asubuhi yuko kwa mama wa mikate, mchana chini ya meza ya muuza makayabu, jioni kwangu, ambako lituma hubaki kwenye sufuria. Avenyu yetu ina sheria yake juu ya mambo haya, haijaandikwa popote lakini haina rufaa: mbwa akikonda ni wa Papa Jirani, akiiba, ni wa yule aliyeonekana mwisho akimpa chakula. Nililipa kipande cha makayabu ambacho sikukionja. Nililipa pia mandazi. Nilipokwenda kwa Papa Jirani kumweleza, kwa heshima zote, alinikaribisha kiti, akaagiza maji, akaniambia, “Mdogo wangu, mnyama anajua mwenyewe moyo wake uko wapi.”

Lakini kulikuwa na ile kamba. Alifungwa bado mtoto, kamba ya nailoni ya buluu, na hakuna aliyekumbuka kwamba mbwa anakua na kamba haikui. Ilikuwa imezama. Ukimwangalia kwa mbali unaona mstari tu kwenye manyoya. Ukiinama unaona ngozi imevimba pande zote mbili na inzi wanazunguka, na akimeza, anameza kwa vituo. Nilichukua kisu cha jikoni, nikampa mifupa ya samaki ajishughulishe nayo, nikapitisha ncha ya kisu chini ya kamba polepole. Ikakatika. Mnasemaje akageuka akanishukuru kwa kuniuma shavu la mguu.

Kuumwa na mbwa asiyejulikana kama amechanjwa si jambo la kucheka, na niliyajua ya kufanya: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kabla ya lolote jingine. Maji yanayotiririka! Tuna mto Kongo, tuna Tshopo na maporomoko yake, tuna Wagenia wanaotega samaki katikati ya maji yanayonguruma, na nyumbani bomba lilikuwa likitoa upepo. Watoto waliitwa na bidoni. Mmoja anamimina, mmoja anashika simu kuhesabu dakika, na mama wa mikate anasimama pembeni akisema maji hayo yangetosha kupika maharage.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alifungua daftari kubwa.

“Mbwa ana mwenyewe?”

“Anaye.”

“Jina la mbwa?”

“Mnasemaje.”

“Nasema hivi: jina la mbwa.”

Tulipoelewana, alinieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kichaa cha mbwa kikishaanza kujionyesha kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo chanjo haingoji. Nianze sindano mara moja, na wakati huohuo mbwa afungwe na aangaliwe siku 10. Mbwa mwenye kichaa hutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua, na akishaugua hachelewi kufa. Akizimaliza siku 10 akiwa mzima, basi siku ile aliyouma hakuwa na cha kuambukiza, na sindano zilizobaki zinaweza kusimamishwa. Dawa yenyewe ilibidi niitafute mjini nikiwa nyuma ya pikipiki, duka kwa duka, nikiuliza kwanza kama friji yao inafanya kazi. Lakini habari iliyofika avenyuni mbele yangu ilikuwa fupi zaidi: mbwa akifa, tumekwisha.

Kwa maana wote walikuwa wamemgusa, wamempiga teke, wamenyang'anyana naye mandazi.

Sijawahi kuona mnyama akiheshimiwa hivyo. Alifungwa chini ya mwembe wangu kwa kitambaa laini. Mama wa mikate alileta maziwa. Muuza makayabu, yuleyule niliyemlipa, alileta vichwa vya samaki bila kudai. Bibi wa lupango la tatu alikuja kumsalimu kwa cheo cha shemeji. Kila alfajiri, kabla ya mtu kuniuliza mguu wangu, sauti ilipita juu ya uzio: “Mbwa iko muzima?” Akipiga chafya, kikao. Akilala sana, mtu anatumwa kumgusa kwa fimbo ndefu. Mwalimu mstaafu aliweka kiti chake chini ya mwembe akawahadithia watoto habari za Pasteur, jinsi tarehe 6 Julai 1885 alivyomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa huko Alsace, sindano 13, na mtoto akapona. Kila alipofika kwenye sindano ya 13 watoto waliutazama mguu wangu kwa matumaini.

Aliyeharibu mambo ni mpwa wangu wa chuo kikuu. Alikuja kuniona, akamtazama mbwa, akasema kwa sauti kwamba hawa ni basenji, kwamba Waingereza waliwachukua Kongo miaka ya 1930 na mwaka 1937 wakawaonyesha London kwenye maonyesho ya Crufts, watu wakapanga mstari kuona mbwa asiyebweka, na kwamba leo Ulaya na Marekani wanauzwa kwa cheti cha ukoo.

Jioni hiyohiyo Papa Jirani akavuka avenyu. Alivaa shati la Jumapili. Alimwinamia Mnasemaje, akamwita mwanangu, akaniuliza kwa nini mbwa wake amefungwa kwenye lupango la watu.

Siku 10 zilipotimia, mbwa akiwa amenenepa na mimi nimekonda, shefu wa avenyu alituita wote wawili. Niliweka mezani karatasi za chanjo. Papa Jirani alizisoma moja moja, miwani puani, akakubali kwamba mbwa ni wake, meno ni yake, na kwamba nusu ya gharama ataibeba, kidogo kidogo, Mungu akipenda. Nilikuwa naanza kumshukuru alipoinua kidole.

“Lakini shefu, kuna kitu kimoja hakijasemwa. Mbwa wangu alikuwa na kamba.”

Shefu alifikiri muda mrefu. Kisha akaniuliza ilikuwa na urefu gani, na kama ilikuwa ya nailoni au ya katani.