Nani Kama Seva ya Barua?

Watu husifu vinavyowapumzisha: kitanda, kivuli cha mwembe, kahawa ya jioni. Mimi leo naisifu seva ya barua pepe, ile unayoijenga mwenyewe ikahudumia domeni kadhaa kutoka kwenye hifadhidata moja. Tangu niijenge, kitanda changu kimenisahau, na sina kinyongo.

Kwanza ina adabu. Toka Jon Postel aandike kanuni za SMTP mwaka 1982, seva hazivamiani. Mgeni mwenye barua husimama kwenye mlango namba 25. Mwenyeji humfungulia kwa 220, mgeni hutaja jina lake kwa neno HELO, naye hujibiwa 250, yaani karibu ndani. Ndipo aseme barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Hebu nitajie jirani mmoja anayeingia kwako kwa utaratibu huo.

Halafu ina ukarimu wa nyumba ya kupanga. Mimi nilipewa wapangaji watatu: duka la shemeji yangu la vifaa vya ujenzi, kwaya ya mtaani, na chuo kidogo cha ushonaji. Wote wanakaa chini ya paa moja na hakuna anayemsikia mwenzake akikohoa. Daftari la mwenye nyumba ni MySQL: jedwali la domeni, jedwali la watumiaji na nywila zao zilizofumbwa, na jedwali la lakabu, ili barua ya info@ iishie kwa shemeji. Mpangaji mpya akihamia humfungulii akaunti kwenye mashine. Unaongeza mstari daftarini, basi. Funguo za vyumba vyote anazo msimamizi mmoja, vmail, ambaye mafundi wengi humpa namba 5000. Hodi ikipigwa, Postfix, programu inayopokea barua, hufunua daftari: domeni hii ni yetu? Mtu huyu yupo? Mpangaji akija kusoma barua zake, Dovecot naye hufunua daftari lile lile.

Waliotuletea neema hii tuwataje. Postfix aliiandika Mholanzi Wietse Venema akiwa IBM, ikatoka mwaka 1998. Dovecot ni kazi ya Timo Sirainen wa Finland, ya mwaka 2002. MySQL ilipewa jina la My, binti wa Michael Widenius, naye ni wa Finland. Bintiye mwingine, Maria, ndiye mwenye jina la MariaDB, ndugu ya MySQL. Saa nane za usiku, macho yakiwa kwenye logi, huwa najiuliza kama mabinti wale wanajua majina yao hutajwa Temeke kwa sauti gani.

Lakini fadhila yake kubwa ni malezi. Usiku wa kwanza kila barua iliachwa nje kwa msimbo 451, kwamba kuna hitilafu ya muda. Ya muda! Muda huo ulianza saa tatu usiku ukaisha kwa adhana ya alfajiri. Nilijaribu nywila ya hifadhidata kwa mkono, ikakubali. Nikakagua majedwali, yote yapo. Kosa lilikuwa neno moja: kwenye faili la mipangilio nilikuwa nimeandika localhost. MySQL ikiambiwa localhost haipiti njia ya mtandao. Inatafuta faili la soketi humo humo kwenye mashine. Na kwenye mfumo wangu wa Debian, Postfix alikuwa amefungiwa ndani ya /var/spool/postfix asichungulie nje. Soketi iko sebuleni, yeye kafungiwa chumbani. Nikafuta neno, nikaandika 127.0.0.1, ambayo ni mashine hiyo hiyo kwa namba. Barua zikaanza kuingia. Chuo gani kingenifunza hayo bila ada?

Somo la pili lilikuwa fupi. Domeni ya kwaya niliiandika mara mbili, kwenye mydestination, orodha ya domeni za mashine yenyewe, na daftarini. Postfix aliandika onyo moja la upole kwenye logi, kisha akawaambia watu kwamba katibu wa kwaya hamjui. Katibu mwenyewe yumo daftarini, na amekuwa katibu miaka kumi na moja.

Na siri, jamani, inatunza. Barua ikikataliwa kwa muda huko iendako, Postfix huiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena hadi siku tano, na usipomwagiza aonye mapema, katika siku hizo hamwambii mtumaji chochote. Shemeji akanipigia.

"Shemeji, mteja wa Morogoro anasema ankara ya mabati hajaiona."

"Imetoka, shemeji."

"Imetoka kwenda wapi?"

Ilikuwa kwenye foleni, siku ya nne. Namba ya IP niliyokodi ilikuwa na mpangaji kabla yangu, akaitumia kumwaga barua taka, akahama na kuniachia sifa yake. Ikabidi nianze kutafuta vitambulisho: rekodi ya PTR, kuonyesha kwamba namba yangu na jina langu vinajuana, SPF, kutaja nani ana ruhusa ya kutuma kwa jina la domeni, DKIM, kutia sahihi kila barua, DMARC, kueleza barua ya kughushi ifanywe nini. Hizo tatu za mwisho, kwa domeni moja moja. Nimewahi kufuatilia hati ya kiwanja, kwa hiyo mapito hayo sikuyaona mageni.

Upweke nao umekwisha. Mlango wa 587, ambao wapangaji hutumia kutuma barua zao, haukumaliza saa moja wazi kabla wageni nisiowajua hawajaanza kujaribu nywila kwa majina ya admin, test na info. Usiku huwa wengi kuliko mchana. Duka la shemeji halijawahi kutembelewa hivyo.

Kwa kuwa mimi nimeshalelewa vya kutosha, naitoa. Aliye tayari aje aichukue pamoja na kwaya, chuo na shemeji. Asiniandikie barua pepe, apige simu.