Mpelelezi Asiyejua Njia ya Tegeta

Msyuu! Acheni nisonye kwanza, nikimaliza tuongee. Eti riwaya za upelelezi ni za wahuni, riwaya za fasihi ni za wasomi. Nani kapanga hivyo? Hapa kijiweni kwetu Tegeta, kati ya ubao wa drafti na birika la kahawa, maneno hayo hayaishi. Kijana wa bodaboda akionekana anasoma hadithi ya mauaji kwenye simu, mwalimu mstaafu anamwambia aache takataka, asome Kezilahabi. Kijana anamjibu kwamba yeye na Kezilahabi waliachana siku alipotoka chumba cha mtihani. Basi wanabaki hivyo, kila mtu na ukuta wake, na mimi nimeshachoka kunyamaza.

Huyo mpelelezi mnayemwita wa wahuni ana ukoo mzuri. Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, kikachapishwa 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni. Wapo wanaosema Msa ni Sherlock Holmes wa Unguja. Sawa, kiko ni kilekile. Lakini hebu chukua mauaji ya Bwana Msa uyapeleke London uone kama yatafumbuka! Msa anafumbua kwa kujua nani mtoto wa nani, nani alilelewa na nani, urithi ulitakiwa uende wapi ukaenda wapi. Ukimtoa Unguja umemnyang'anya silaha yake. Huko ndiko upelelezi wa Kiswahili ulikoanzia, kwa mtu anayewajua majirani zake.

Najua mtanitupia jasusi Willy Gamba. Mtasema mbona Elvis Musiba alimpandisha ndege, na kitabu kikapendwa nchi nzima? Swali zuri, ngoja nilijibu taratibu. Kufa na Kupona kilitoka 1974. Kisa chake kinaanzia hapa Dar es Salaam, kwenye nyaraka za Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, na kamati hiyo kweli ilikuwa na makao yake hapa mjini tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Zimbabwe, watu walikuwa wanapishana nao barabarani. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, aliuawa hapahapa Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Miaka mitano baadaye Musiba anakuletea majasusi wanaoiba siri za wapigania uhuru. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa aogope, hofu alikuwa nayo tayari. Willy Gamba alipanda ndege, ndiyo, lakini aliipandia shida ya watu wa Dar.

Halafu Ben Mtobwa. Wengi mnamkumbuka kwa mpelelezi Joram Kiango, yule kijana mtanashati na mwenzake Nuru, na mimi Joram nampenda. Ila kitabu ninachomwazima mtu huku namwangalia usoni ni Dar es Salaam Usiku. Humo jiji lenyewe ndilo mhusika: baa zake, vibarua wake, wanawake wanaoipata riziki yao taa zikishawaka, tajiri ambaye hakuna anayejua alianzia wapi. Mtobwa alikuwa mwandishi wa habari, na inaonekana kwenye macho yake. Kitabu kikatafsiriwa kwa Kiingereza 1999. Mtobwa alifariki 2008, Musiba akamfuata 2010, na leo ukivitaka vitabu vyao unainama kwa wauza mitumba ya vitabu, unapekua rundo, unashukuru ukikuta jalada halijachanika. Inauma. Watu walioifundisha nchi hii kusoma kwa raha walistahili kuwa madukani mwaka mzima.

Sasa tuje kwa waandishi wa leo. Siwaweki kapu moja, na msomaji wa simu simdharau hata kidogo. Kijana anayetuma buku, shilingi elfu moja, ili apate sehemu ya pili ya hadithi, wakati buku hiyohiyo ni chai na chapati, ni msomaji kamili. Mwandishi wa hadithi za upelelezi Halfani Sudy ameshinda Tuzo ya Safal-Cornell kwa Kirusi Kipya, kwa hiyo ule ukuta wa mwalimu mstaafu umeshapata ufa. Hussein Tuwa, mtu wa Mkimbizi na mbio zake, ndiye huyohuyo wa Mfadhili iliyosomwa kidato cha tano na cha sita. Kipaji kipo.

Kinachonisonyesha ni hiki. Unafungua hadithi, mpelelezi wetu ameshuka Moscow. Kapanda teksi, kaingia hoteli ya nyota tano, kaagiza wiski, mrembo katokea, kabla hujakaa vizuri bastola yenye kiwambo cha sauti imeshatolewa. Mwandishi anaitaja bastola kwa jina, mahali ilipotengenezwa na idadi ya risasi zake, lakini mtaa ambamo watu wanauawa hana hata harufu moja ya kukuambia. Baridi ipo? Watu wanakula nini? Mlinzi wa hoteli anamwitaje mgeni? Kimya. Ukirudishwa Dar ndiyo unachoka kabisa. Watu saba wanauawa Mikocheni na hakuna jirani aliyefungua dirisha, hakuna aliyekwenda kituo cha polisi kuchukua RB, mjumbe hajaitwa, hakuna aliyepiga video. Mpelelezi anatoka Posta saa kumi na moja jioni, dakika kumi baadaye yuko Tegeta. Kwa barabara gani, ndugu yangu? Aliyeandika hivyo hajawahi kuning'inia mlangoni mwa daladala pale Mwenge akijiuliza atafika kwake saa ngapi.

Sababu mojawapo naijua, na kosa si lao peke yao. Hadithi ikiuzwa kipande kwa kipande, kila kipande lazima kiishie na mtu kaelekezewa mtutu, la sivyo kesho hakuna anayetuma hela. Mishtuko inakuwa mingi, watu wanakosa nafasi ya kuwa watu. Mke wa mpelelezi hana jina mpaka siku anayotekwa.

Haya, na ninyi wa fasihi nzito mnaotabasamu, msifurahi bado. Mnasema riwaya bora haihitaji mbio. Uongo! Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999, ni nini kama si riwaya ya kusisimua? Yasmini anaozwa kwa Raza, mzee mwenye duka, anatoroka, anaangukia kwa Mwajuma huko Ng'ambo. Anatokea Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi, na siasa zake za siri. Inspekta Wright anamtaka Denge, na anaona njia ya kumpata ni kumtumia Yasmini. Hapo msichana anayempenda mtu anatakiwa amuuze. Mnataka mtego gani zaidi ya huo? Amil Shivji alipoifanya filamu mwaka 2021 hakuhitaji kuongeza bunduki, kwa sababu hofu ilikuwamo tangu mwanzo: mlango ukigongwa unashika pumzi.

Tena mchukue Gurnah. Peponi, riwaya yake kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mzee kupata Nobel. Naisifu tafsiri ile kwa moyo wangu wote, inakwenda kama kitabu kimezaliwa kwenye lugha hii. Mtoto Yusuf anachukuliwa na mtu anayemwita ami, anapanda treni, anafurahia safari. Wewe msomaji unaanza kunusa kwamba mtoto amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Yeye bado hajui. Kurasa zinakwenda polepole na roho inakudunda, unataka kumwambia shuka, mwanangu, shuka kituo kinachofuata. Bastola hakuna. Waandishi wa simu wangejifunza pale namna ya kumfanya msomaji aogope kwa ajili ya mtu, badala ya kuogopa mlio wa risasi tu.

Tatizo la fasihi nzito ni kwamba watoto wetu wanaikuta darasani, na darasani inawafia. Ukipita kwenye meza za vitabu utakuta kijitabu cha uhakiki kinauzwa haraka kuliko riwaya yenyewe. Dhamira, ujumbe, falsafa, mtazamo, mtoto anakariri, anapasi, na Yasmini hajawahi kukutana naye. Rosa Mistika ya huyo Kezilahabi wa mwalimu mstaafu ilipigwa marufuku mashuleni baada ya kutoka 1971, na nasikia wakubwa wakisema walivyokuwa wanaisoma kwa kujificha. Leo hakuna anayemzuia mtu kuisoma, na haifichwi chini ya godoro la mtu yeyote. Hilo linanisikitisha kuliko ile marufuku.

Sasa nisikilizeni vizuri, waandishi mliopo. Mnatafuta njama Moscow, njama ilikuwa na jina la kwetu! Akaunti ya Tegeta Escrow. Mitambo ya umeme ya kampuni ya IPTL ilijengwa huku kwetu Tegeta, ikaipa akaunti jina. Shirika la umeme TANESCO na IPTL waligombana juu ya malipo, fedha zikawekwa Benki Kuu zisubiri ugomvi uishe, mwishoni mwa 2013 zikatolewa, shilingi bilioni mia tatu na kitu. Novemba 2014 Bunge likawaka moto, na hapa mtaani redio hazikuzimwa. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu, na waziri wa ardhi akaondolewa. Riwaya yake iko wapi? Mikononi mwangu haijafika. Nisingeitaka ya mawaziri, hao magazeti yaliwamaliza. Ningetaka ya karani aliyeona karatasi ikipita mezani kwake akanyamaza kwa sababu mtoto ana ada. Ningetaka ya mama lishe anayewapikia vibarua wa mitambo, halafu jioni umeme unakatika kwake.

Na kama escrow ni kubwa mno, chukueni kiwanja. Kuanzia hapa mpaka Boko, Bunju, Mabwepande, hakuna asiyejua mtu aliyenunua kiwanja ambacho mwenzake naye kakinunua. Wanunuzi wawili, kila mmoja na karatasi zake zenye muhuri na saini za mashahidi, dalali hapatikani kwenye simu. Asubuhi bikoni zimeng'olewa. Wiki inayofuata ukuta una alama nyekundu ya X ya kubomolewa. Halafu mmoja wa wale mashahidi anakutwa amekufa kwenye msingi ambao zege lilikuwa limwagwe siku hiyo, na malori ya saruji kutoka kiwanda cha Wazo yanapita barabarani kama kawaida. Nani alimuua? Hapo mpelelezi wako hahitaji pasipoti. Anahitaji kumjua mjumbe, kumjua fundi, kumjua mama mwenye genge anayeona kila anayeingia na kutoka, na kujua kwamba yule mzee anayedai shamba lilikuwa la babu yake huenda anasema kweli. Bwana Msa angeiweza kesi hiyo. Mwenye kalamu ya Adam Shafi angetufanya tumlilie marehemu pia.

Kitu kimoja kwa wasomaji wenzangu, nacho nakisema bila kubembeleza. Acheni kurushiana PDF za vitabu vya watu ambao bado wako hai na wanalipa kodi ya nyumba. Huyo kijana aliyeketi miezi akaandika, wewe unamsambaza kwenye kundi la watu mia mbili halafu unalalamika kwamba waandishi wazuri wameisha. Hawajaisha, wameacha kwa sababu ya njaa.

Kwa hiyo mwandishi yeyote uliye karibu, njoo Tegeta. Kaa hapa tukuoneshe viwanja, tukutajie majina ya mitaa, tukusimulie nani alimdhulumu nani. Andika polepole, usikatize sura kwa sababu ya buku, na mpe mke wa mpelelezi jina tangu ukurasa wa kwanza. Kitabu kikitoka nakala yangu naichukua kwa bei iliyoandikwa, na punguzo sitaomba.