Mke Wangu Ana Umbo Kama Lako

Sanamu la plastiki linalotoka China halina makalio. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Shangazi yangu alilinunua Goma, kule Birere, akalipakia juu ya lori la makaa lililokuwa likirudi tupu, akalisimamisha mbele ya duka lake la nguo hapa Rumangabo, kando ya barabara ya Rutshuru. Tukalivalisha libaya, yaani blauzi, na kitenge. Kitenge kikateleza mpaka miguuni. Tukakibana kwa pini, kikateleza pamoja na pini. Wanamama waliopita na bidoni zao za maji walisimama kumhurumia yule mzungu: "Huyu hakule siku mingi." Kununua, hakuna aliyenunua.

Mimi nilikuwa pale nabeba marobota. Nimerithi makalio ya ukoo wa mama yangu, ukoo usio na uchoyo katika jambo hilo. Shangazi akanikagua kama mtu anayechagua mbuzi wa sikukuu, akasema, "Vaa." Nikavaa. Kabla ya saa sita libaya ile ilikuwa imeuzwa, nami bado nimo ndani yake.

Tangu siku ile nauza nguo za kike nikiwa nimezivaa, pamoja na wigi, hereni na viatu vya kamba vya namba 43 vilivyopatikana kwa taabu. Sababu ni mbili. Ya kwanza anaijua shangazi: nguo iliyo mwilini inauzika, nguo iliyo msumarini inakusanya vumbi. Ya pili ni kwamba napenda. Nguo ya kike inanikaa vizuri nami nakaa vizuri ndani yake, na falsafa zaidi ya hiyo sina. Mchana nashika duka nikiwa dada, alfajiri nashika jembe nikiwa kaka, na viazi havijawahi kulalamika. Shangazi hajaniuliza kuhusu sababu ya pili. Mauzo yakiwa mazuri, maswali hupungua.

Wala si mimi peke yangu. Nenda Gikomba, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta vijana wa mitumba wamevaa gauni juu ya suruali wakiita wateja. Mwaka 2023 habari zilienea duniani kuhusu wanaume wa China wanaovaa nguo za ndani za kike mbele ya kamera ili kuziuza mtandaoni, kwa sababu mwanamke akizivaa matangazo hukatwa. Tofauti yangu na hao ni kwamba wao huvua wateja wakishaondoka.

Ukishangaa, basi hujafika Rumangabo. Tuko karibu kilomita 50 kaskazini mwa Goma, na hapa ndipo yalipo makao makuu ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Ndani ya uzio kuna kituo cha Senkwekwe, ambako hulelewa ngagi, yaani sokwe wa milimani, walioachwa yatima. Walezi wao ni wanaume wazima, na kazi wanayolipwa ni kuwa mama. Mwaka 2007 mmoja wao, André Bauma, alikabidhiwa Ndakasi, kitoto cha miezi miwili kilichokutwa kimeng'ang'ania maiti ya mama yake. Akakilaza kifuani usiku kucha kisife kwa baridi. Akawa mama wa Ndakasi mpaka Septemba 2021, Ndakasi alipofia mikononi mwake, na sijasikia mtu akimuuliza kwa nini mwanaume anafanya kazi ile. Tena Aprili 2019 ilizunguka dunia nzima picha ya Ndakasi na mwenzake Ndeze, wamesimama wima nyuma ya mlinzi, tumbo mbele, wakingoja kamera. Nikajisemea: kama kwetu sokwe anaruhusiwa kuiga mtu, mimi nikimwiga dada yangu nani atapiga kelele?

Wateja wangu wakubwa walikuwa wanajeshi wa kambi ya hapa. Mwanaume aliyetoka kupokea mshahara huwa tajiri kwa siku mbili, na katika siku hizo humkumbuka mke. Mmoja aliingia, akavua kofia, akaniamkia kwa heshima zote.

"Mama, nataka libaya ya mke wangu."

"Kipimo gani?"

Kimya. Huwa hawajui. Wengine huchora mke hewani kwa mikono miwili, na mke anayetoka pale ni mtungi. Wengine hupiga simu kwa jirani. Huyu alinitazama toka juu mpaka chini, uso ukamng'aa.

"Mke wangu ana umbo kama lako."

Nikavaa libaya aliyoichagua, nikageuka, nikainua mikono, nikainama kama naokota kuni. Akaridhika. Alilipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo lingepaswa kunitia wasiwasi.

Baada ya wiki kadhaa aliingia mama mmoja mfupi, mwembamba, kichwa chake kinanifika kwapani. Alikuwa amebeba libaya ile ndani ya mfuko. Akauliza kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi ya swali lake njia nzima: "Ni nani hapa mwenye kufanana na miye?" Shangazi, ambaye hana huruma wakati wa mchana, akaninyooshea kidole.

Yule mama akaanza na viatu. Akapanda polepole mpaka magotini, akapita kiunoni, akafika kooni, pale ambapo koromeo langu hupanda na kushuka nikimeza mate. Likapanda. Likashuka.

"Lakini huyu ni papa, mwanaume!"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Bwana yangu anasema miye niko sawa na huyu papa?"

Tukamletea kiti. Tukamletea chai. Nilitaka kumweleza kwamba mumewe alikuwa akinisifu mimi, si kumtukana yeye, ila nikaona maelezo hayo hayatasaidia ndoa. Mwishowe alibadilisha libaya kwa ndogo kabisa iliyokuwepo, akachagua na kitenge cha Hollandais, kile kinachotoka Uholanzi kweli na si nakala, akaamuru kiandikwe kwenye daftari la madeni kwa jina la mume. Mume alikuja kulipa akitazama sakafu. Tangu siku ile akija dukani hakutaja kipimo. Alisema, "Nusu yako."

Nguo za kike hazina mifuko. Sijui fundi wa kwanza alifikiri nini. Labda alidhani wanawake hawana pesa, wakati pesa zote za Kivu ya Kaskazini zimelala vifuani mwa wanamama. Sidiria yangu ilikuwa na kazi mbili: kushika soksi zilizonipa kifua, na kushika mauzo ya siku. Siku ya soko, duka limejaa, mteja akanipa noti ya dola 20 akingoja chenji ya faranga. Nikaingiza mkono, nikachomoa, nikamwekea kiganjani soksi ya kijivu. Akaitazama. Akanitazama mimi, upande wa kulia umelala, wa kushoto bado uko kazini.

"Mama, hii ni ya faranga ngapi?"

Nikaichukua, nikampa faranga zake. Alihesabu mara mbili, akarudisha noti moja tu, kwa sababu ilikuwa na tundu. Hiyo ndiyo nchi yetu. Dola ikichanika nusu sentimita pembeni hakuna atakayeipokea kutoka hapa mpaka Kinshasa, lakini muuzaji mwenye ziwa moja anapita.

Adui yangu wa kweli ni umeme. Zamani duka lilimulikwa kwa koroboi, na kwenye mwanga wa koroboi kila mtu ni mrembo. Kisha mwishoni mwa 2015 mbuga ikazindua mitambo ya Matebe, megawati 13 na kitu kutoka mto Rutshuru, na nyaya zikatufikia. Watu walishangilia taa, mashine za kusaga, kinyozi asiyehitaji jenereta. Mimi pia nilishangilia, mpaka saa kumi na mbili jioni, ndevu za asubuhi ziliporudi na kuonekana na mteja aliyekaa mbali akinywa chai. Sasa nanyoa mara mbili kwa siku, kwa wembe wa umeme uleule. Haki itendeke.

Wigi nalo lina historia yake. Mwanamke mwenye kitenge hupanda pikipiki upande upande, na motari wetu huendesha kana kwamba volkano ya Nyiragongo imelipuka nyuma yake. Karibu na Rugari upepo ukalichukua wigi. Nilipiga kelele, motari akadhani namhimiza. Tuliporudi tulikuta watoto wamelizunguka barabarani, mmoja analia kabisa: "Mutoto ya ngagi amekufa!" Mlinzi wa mbuga aliyekuwa akipita alikuwa ameshashuka. Akachuchumaa, akaligusa kwa ncha ya kijiti, akaligeuza, akaona kitambaa cha ndani. Akasimama, akalipangusa vumbi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Hakucheka. Nadhani mafunzo yao ni makali.

Kongo, karte ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Yangu ni ya 2017, na mle ndani nina masharubu. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Rutshuru wala Masisi kwa sababu ya vita, hivyo masharubu yale bado ndiyo uso wangu mbele ya serikali. Kwenye kizuizi kimoja, nikienda Goma kufuata mzigo, kijana mwenye bunduki aliishika karte akaigeuza hata upande usio na picha.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Huyu ni papa."

"Ndiyo."

"Na weye uko mama."

"Nikiwa kazini."

Basi zima likaingia kwenye kesi. Mama mmoja alilia kwamba maharagwe yake yanangojwa sokoni. Mwingine akatoa kichwa dirishani: "Afande, hiyo ni duka! Iko natembea nayo!" Kijana akafikiri sana. Kisha akashika ukingo wa libaya yangu, akapima kitambaa kwa vidole viwili. "Na hii, ni bei gani?" Nikataja. Akaomba punguzo, nikapunguza, akataka ileile niliyovaa, si nyingine. Nikabadili nyuma ya basi, nikavaa suruali, na kwa mara ya kwanza safari ile nikafanana na karte yangu.

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, wanamama wote hutaka kitenge cha sare, nami huvaa cha kwanza ili wakione. Mwaka mmoja, kwa kuwa mimi ni mrefu, nilishikishwa bango mbele ya maandamano. Mgeni rasmi akaomba "yule mama mrefu" aseme neno kwa niaba ya wanawake. Kipaza sauti kikaja. Nikasema jambo fupi kuliko yote niliyoyajua: "Wanamama, oyee!" Sauti ikatoka ya kuita ng'ombe upande wa pili wa bonde. Uwanja ukanyamaza. Kisha mama mmoja akaokoa sherehe: "Ako na mafua!" Wakaitikia kwa pamoja, oyee, tukaendelea.

Wapo wasiocheka. Wengine hutema mate mlangoni, nami hufagia. Mhubiri mmoja wa barabarani alisimama mbele ya duka na spika, akasoma Kumbukumbu la Torati 22:5, pale panapomkataza mwanaume vazi la mwanamke. Shangazi akampa kiti. Waliokuja kusikiliza walibaki kununua, na alipogundua kwamba anatutafutia wateja, akahamia kwa muuza bia. Nilimpenda zaidi bibi mmoja aliyenisikiliza nikisifu wigi, akaguna. Wakati wa Mobutu, akasema, mwanamke alikatazwa wigi, akakatazwa suruali, na wanaume wakanyang'anywa tai wakapewa koti la abakosti, mpaka Aprili 1990 mzee mwenyewe alipolegeza. "Miye nilikimbizwa kwa sababu ya suruali. Weye umevaa wigi na kitenge na hakuna anayekukimbiza. Basi nipunguzie." Hoja ilikuwa na nguvu. Nikampunguzia.

Mwishoni mwa Oktoba 2022 waasi wa M23 waliingia Rumangabo, nasi tukakimbilia kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya pamoja na maelfu. Watu walibeba magodoro na masufuria. Shangazi alibeba daftari la madeni. Kule sikuvaa wigi. Hamu haikuwepo, kioo hakikuwepo. Tuliporudi tulianza upya na robota moja, na wadaiwa kadhaa walilipa wenyewe, jambo ambalo shangazi husimulia kuliko vita vyenyewe.

Sasa duka liko wazi, na ninalo ombi moja kwa wanaume. Mnaponunua libaya ya mama wa nyumbani, chukueni uzi, pimeni kiuno na mabega yake akiwa macho, fungeni fundo, mje na uzi huo. Msije mkanitazama mimi. Daftari la shangazi lina kurasa nyingi, na nguo inayorudishwa hatuirejeshei pesa.